Bendera ya Somalia Juu ya Barafu

Katika maziwa yote ya ulimwengu, liko moja tu linalolizidi ziwa letu la Tanganyika kwa kina, nalo ni Baikal, katika Siberia ya Urusi. Hili letu limekwenda chini mita 1,470. Lile limepita mita 1,640. Lakini ilhali maji ya Kigoma na Ujiji ni vuguvugu mwaka mzima, hata mvuvi wa dagaa arejeaye alfajiri huyaoga bila ya kutetemeka, yale ya Baikal huganda kila kipupwe yakawa sakafu ngumu, watu na magari wakapita juu yake. Kando ya Mto Angara, utokao katika ziwa hilo, umejengwa mji wa Irkutsk. Na huko, mwishoni mwa Januari mwaka 2014, ilifika timu ya kwanza ya taifa la Kiafrika kupata kushindania ubingwa wa dunia wa mchezo wa bandi. Timu hiyo ilikuwa ya Somalia, jirani zetu wa pwani, nchi uliko mji wa Barawa, ambao wenyeji wake husema Chimwiini, lahaja ya Kiswahili hiki hiki.

Msomaji wa mwambao huu ana haki ya kuuliza bandi ni nini. Ni mchezo wa magongo uchezwao juu ya barafu, katika uwanja unaokaribia ule wa kandanda kwa ukubwa, baina ya timu mbili za watu 11 kila moja, kwa vipindi viwili vya dakika 45. Wachezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini ya soli, wakateleza kwa kasi inayozidi mbio za miguu, na kila mmoja ameshika gongo lililopinda ncha mithili ya bakora, la kuupiga mpira mdogo wa rangi kali ili uonekane juu ya weupe. Mlinda mlango peke yake hana gongo. Kazi yake ni kudaka, naye hulinda lango lenye upana wa mita 3.5. Kona ipo, kuotea kupo, na mwenye kuijua kandanda hatapata taabu kuufahamu. Sheria zake zilitungwa Uingereza mwaka 1891, lakini mchezo ulikuja kupata makao yake hasa katika nchi za kaskazini zenye barafu nyingi. Shirikisho la dunia liliundwa mwaka 1955, na mashindano ya kwanza ya ubingwa yakafanyika Helsinki mwaka 1957 kwa timu tatu tu: Finland, Sweden na Umoja wa Kisovieti. Wasovieti walitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, mpaka Sweden ilipowapokonya mwaka 1981.

Basi Wasomali waliingiaje katika jambo lisilo na asili kwao? Jawabu liko Borlänge, mji wa viwanda vya chuma, na zamani vya karatasi, katika jimbo la Dalarna, Sweden, ambako maelfu ya Wasomali waliokimbia vita vya nyumbani walipata hifadhi. Wageni na wenyeji waliishi mtaa kwa mtaa, lakini aghalabu kila upande ulimtazama mwenziwe kwa mbali. Mwaka 2013 mwenyeji mmoja wa mji huo, Patrik Andersson, alishika shauri la kuwaunganisha kwa mchezo, na vijana wa Kisomali, wengi wao wakiwa wanakandanda ambao hawajapata kukanyaga barafu kwa viatu vya chuma, wakakubali kuanza kwa kuanguka. Mwalimu wao alikuwa Per Fosshaug, mmojawapo wa wachezaji mashuhuri kabisa katika tarehe ya bandi ya Sweden. Mwaka huo huo Somalia ilipokewa katika shirikisho la dunia, na kwa muda wa miezi michache watu waliokuwa wakijishikilia ukingoni wasianguke walijikuta wakisafiri kwenda Siberia na bendera ya buluu yenye nyota nyeupe.

Walishindwa michezo yao yote, na kwa mabao mengi. Sisemi hivi kuwafedhehi, kwani mwenye kuwasifu kwa kuficha ukweli huwa amewadharau. Na heshima yao haikuwa katika hesabu ya mabao, bali katika kurudi. Mwaka 2015 walirudi kushindana Khabarovsk, na mwaka 2016 wakarudi tena Ulyanovsk, ilhali hakuna aliyewaahidi ushindi. Sisi Watanzania tuna sababu ya kuwafahamu. Mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, timu yetu ya wanaume ya mpira wa magongo ilicheza michezo sita ikashindwa yote, na India, ambao ndio waliotwaa dhahabu, walitufunga mabao 18 kwa bila. Wachezaji wale ni Waolimpiki wetu, na jina la Tanzania limeandikwa katika daftari la mashindano yale kwa jasho lao.

Lakini somo la Borlänge linatuhusu sisi wa Kigoma kuliko wote. Ujiji ulikuzwa na waliokuja: misafara kutoka pwani, Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, na wengine ambao wajukuu wao leo hawana kwao pengine. Hata katika zama zetu ziwa limeendelea kutuletea watu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu. Na mwaka 2015 maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga ufukoni, mpaka meli kongwe ya Liemba ikawa inawachukua kwa zamu kuwaleta Kigoma mjini. Katika makambi ya wakimbizi ya mkoa huu vimezaliwa vizazi visivyoijua nchi ya wazazi wao, kama walivyokuwa baadhi ya vijana wa Borlänge.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Borlänge ni ushahidi wa maneno hayo; maana timu ile haikuwafaa Wasomali peke yao, bali iliwafundisha wenyeji majina ya jirani zao. Barafu hatuna wala hatuihitaji. Mpira tunao, viwanja vya mchanga tunavyo, na vijana wamo pande zote mbili za ua wa kambi. Nawasihi walimu wa michezo, wazee wa mitaa na wenye madaraka wa mkoa huu wasingoje mtu wa mbali aje awakutanishe. Wapange mchezo mmoja, kisha wapange wa pili.