Tembe la Livingstone

Tembe la Livingstone (pia: Tembe la Kwihara) ni nyumba ya kihistoria iliyoko Kwihara, karibu na mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania. Siku hizi ni makumbusho. Inajulikana kwa jina la mgeni wake David Livingstone, lakini ni pia mfano wa stadi mbili zilizokutana katika jengo moja: ujenzi wa tembe wa bara na uchongaji wa milango wa pwani.

Historia

Katika karne ya 19 Tabora (wakati ule Kazeh) ilikuwa njia panda ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Njia kutoka Bagamoyo iligawanyika hapo: moja ilielekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga makazi yao katika eneo hilo la Unyanyembe.

Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871. Mnamo Agosti mwaka huo askari wa mtemi Mirambo walishambulia Tabora, naye alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba yake. Februari 1872 alirudi pamoja na Livingstone kutoka Ujiji. Livingstone alibaki hadi Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Usanifu

Tembe ni nyumba ya mstatili yenye kuta nene za udongo na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Vyumba huzunguka ua wa ndani. Umbo hilo hupunguza joto na kurahisisha ulinzi.

Wafanyabiashara waliongeza mambo ya pwani: baraza ya kukaribishia wageni, njia yenye kona inayozuia mpita njia asione uani, na mlango wa mbao wenye nakshi. Kazi hizo zilitegemeana. Mjenzi aliamua mahali pa kuingilia na unene wa ukuta. Mchongaji alitengeneza miimo na kizingiti cha kulingana navyo. Ukuta ulilinda mali, mlango ulitangaza heshima ya mwenye nyumba.

Urithi

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kwihara ni mojawapo ya vituo vyake.