Homoni ziko sawa, mbona kila mwezi nazama?

Shoga yangu mmoja wa Malindi, anayefanya kazi hotelini kule Watamu, ana siku kama kumi kila mwezi ambazo hataki kuonana na mtu. Analia bila sababu, anagombana na kila mtu, na usiku mawazo ya kutaka kufa yanamjia. Hedhi ikianza, siku ya pili tu, ni yuleyule tunayemjua, anacheka mpaka tuktuk nzima inageuka kumtazama.

Nyumbani walisema ana jini. Bibi akataka afukizwe ubani, apelekwe kwa mganga. Yeye akaenda kliniki, akapimwa homoni, akaambiwa, "Dada, uko sawa. Nenda upumzike." Alitoka analia.

Sasa sikia: vipimo havikudanganya. Na yeye pia hakudanganya.

Hali hii inaitwa PMDD, na si ile hasira ya kawaida ya kukaribia kuingia mwezini. Inakadiriwa kuwapata wanawake 3 hadi 8 kati ya 100 walio katika umri wa kupata hedhi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, nayo imo.

Mwaka 1998, mtafiti Peter Schmidt na wenzake kule Marekani waliwapa wanawake wenye dalili kali dawa ya kuzima homoni za ovari. Zaidi ya nusu walipata nafuu. Waliporudishiwa homoni, dalili nazo zikarudi. Wanawake wasio na tatizo walipopewa homoni zilezile, wala hawakuhisi kitu. Yaani shida si wingi wa homoni, ni jinsi mwili na ubongo unavyozipokea. Ni kama pilipili ya viazi karai: mmoja anaomba aongezwe, mwingine machozi yanamtoka.

Mwaka 2017 taasisi yao ilichunguza chembe nyeupe za damu, ikakuta kundi la jeni zinazohusika na jinsi seli inavyoitikia homoni likifanya kazi tofauti kwa wanawake hawa. Basi anayekwambia unajifanya, mwambie hiyo iko mpaka ndani ya seli.

Ila hicho bado si kipimo cha hospitali, si Kilifi, si London. Kipimo ni daftari. Andika kila siku unavyojisikia kwa angalau miezi miwili, kisha mpelekee daktari. Dawa zinazogusa serotonini huwasaidia wengi, na wengine huzimeza zile wiki mbili za kabla ya hedhi tu. Ushauri nasaha pia upo.

Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje daftari lijae. Mwambie mtu leo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Shoga yangu yuko mwezi wa pili wa kuandika. Siku hizi bibi ndiye anayemuuliza kabla ya kulala: "Mwanangu, ushaandika?"