Goma: vidonge vya mgongo vinavyoumiza figo

Kila jioni, pale barabara ya Kibumba inapoingia katika mji wa Goma, wasukuma chukudu wanafika wakiwa wamelowa jasho. Wameshuka na magunia ya viazi, karoti na makala. Wakiisha kupakua mizigo, wengi wao wanapita kwanza kwa muuza dawa wa kando ya barabara. Hakuna anayewauliza karatasi ya muganga. Wanaomba "dawa ya mgongo" ama "dawa ya figo", na wanapewa vidonge viwili au vitatu vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye plaketi, bila jina wala tarehe ya mwisho. Wanameza, wanalala, na asubuhi mzigo unaanza tena.

Mara nyingi vidonge hivyo ni diklofenaki, ibuprofeni ama indometasini. Vinatuliza maumivu kweli, na ndiyo sababu vinapendwa na wabeba mizigo, wamotari, wachimba madini na wamama wanaolima wakiwa wameinama siku nzima. Lakini vikimezwa kila siku, kiungo vinachokiumiza ni kile kile mgonjwa anachodhani anakitibu.

Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, mtu akisema "figo zinaniuma", mara nyingi anaonyesha kiuno. Figo haziko pale. Ziko juu zaidi, chini ya mbavu za mwisho, pande mbili za uti wa mgongo. Maumivu ya kiuno baada ya kazi nzito hutoka zaidi kwenye misuli na mifupa. Ni kweli kwamba mawe ya figo ama maambukizi yanauma, tena sana, na mara nyingi pamoja na homa, damu katika mkojo ama maumivu yanayoshuka hadi kwenye kinena. Huyo aende kituo cha afya mara moja. Ila ugonjwa unaokula figo polepole, ule unaowafikisha watu kwenye mashine, kwa kawaida hauumi hata kidogo. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake akiwa bado anasukuma chukudu.

Kila figo ina ukubwa wa ngumi, na ndani yake kuna vichujio vidogo karibu milioni 1. Kwa siku moja figo mbili zinachuja karibu lita 180 za maji yanayotoka kwenye damu, na karibu yote yanarudishwa mwilini; lita 1 ama 2 tu ndizo zinatoka kama mkojo. Kazi hiyo inahitaji damu ifike kwa wingi. Mtu akitoka jasho sana bila kunywa, damu inayofika inapungua, na figo inajitetea kwa kupanua mishipa yake. Kitu inachotumia kwa kujitetea ni kile kile ambacho mahali pengine mwilini kinaleta maumivu na uvimbe. Diklofenaki inakizuia kila mahali. Mgongo unatulia, lakini figo inabaki bila utetezi, na hiyo ni saa ile ile ambayo mwili umekauka.

Kwa kijana mwenye afya aliyekunywa maji, kidonge cha siku moja ama mbili hakileti shida kubwa. Figo inarudi katika hali yake. Shida ni mazoea ya miezi na miaka. Na kuna watu ambao hata siku chache ni nyingi: mwenye ugonjwa wa tansio, mwenye ugonjwa wa sukari, mzee, mama mwenye mimba, hasa kuanzia mwezi wa tano, na yeyote anayeharisha ama kutapika. Katika mji ambamo kolera inarudi mara kwa mara, jambo hili la mwisho si dogo. Kuhara sana peke yake kunaweza kusimamisha figo kwa siku chache, kwa sababu damu imekosa maji. Mgonjwa huyo anahitaji SRO na kituo cha matibabu, si kidonge cha kutuliza tumbo au kichwa kilichonunuliwa njiani.

Kumwambia mtu wa chukudu apumzike ni rahisi kwa yule anayengoja mshahara mwisho wa mwezi. Asipotoka, nyumbani hawali. Lakini kuna vitu anavyoweza kubadilisha bila kuacha kazi. Cha kwanza ni kuomba parasetamoli badala ya dawa hizo nyingine, kwani yenyewe haigusi figo kwa namna hiyo. Nayo ina mpaka wake: mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligrama 500 kwa masaa 24, na anayekunywa lotoko ama pombe nyingine kali kila siku amuulize kwanza muuguzi, kwani hapo ini ndilo linaloweza kuharibika. Cha pili ni kunywa maji kabla ya kuanza safari na njiani, bila kungoja kiu. Bia ya jioni hairudishi maji yaliyotoka kwa jasho.

Hakuna kipimo kimoja cha maji kwa watu wote. Kipimo kizuri ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, mwili unadai. Wengine wanadhani kwamba kunywa bidoni nzima "kunasafisha" figo. Hapana. Na mtu ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika, na miguu imevimba, anaweza kuumizwa na maji mengi. Huyo afuate kiasi alichopangiwa na muganga.

Kwa wamama wa soko shida inakuja kwa njia nyingine. Wengi hawanywi kuanzia asubuhi hadi jioni ili wasitafute choo, kwa sababu choo cha soko ni kichafu, kinalipwa, ama hakipo. Mkojo unaokaa muda mrefu unawapa vijidudu nafasi ya kuongezeka, na maambukizi ya kibofu yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Hapo lawama si ya mama peke yake. Anayekusanya kodi ya soko kila asubuhi angepaswa kwanza kuonyesha choo.

Hata hivyo, kwa ulimwengu mzima, vitu viwili vinavyoharibu figo zaidi ni ugonjwa wa sukari na tansio. Tansio nayo hainyamazi tu, inadanganya: mtu anajisikia mzima huku mishipa midogo ya figo ikiharibika kila siku. Ikifika 14 kwa 9 ama zaidi, kwa vipimo vilivyorudiwa siku tofauti, inaomba kufuatiliwa. Wengi waliokimbia vita wameacha vidonge vyao vya tansio nyumbani, na wakifika mahali pa usalama wanatafuta kwanza chakula na hema. Ni jambo la kueleweka. Lakini kuacha dawa hizo kwa miezi kunaigharimu figo, na ni vema kumwambia muuguzi wa kambi tangu siku ya kwanza kwamba matibabu yalikatika.

Chumvi inapandisha tansio. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linaomba mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa chakula chote. Katika vyungu vyetu chumvi haitoki tu kwenye mfuko wa chumvi. Kube ya mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa, na makayabu yanakuja nayo yamejaa. Sombe iliyotiwa kube 2, chumvi ya kawaida na makayabu ambayo hayakulowekwa inapita kipimo cha siku kwa sahani moja. Mafuta ya ngazi, kitunguu, pilipili na nyanya vinaweza kubeba ladha. Mdomo unazoea baada ya majuma machache.

Kuhusu miti ya dawa, si yote mibaya, lakini neno "asili" halilindi mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo baada ya kumeza mchanganyiko wa majani ya Kichina wa kupunguza unene. Ndani yake kulikuwa mmea wenye sumu. Na dawa za dukani pia zinaweza kuua zisipodhibitiwa. Mwaka 2022, nchini Gambia, zaidi ya watoto 60 walikufa kwa figo kusimama, na kifo chao kilihusishwa na dawa za maji za kikohozi na homa zilizochanganywa na sumu ya kiwandani. Dawa ya maji ya mtoto isinunuliwe kwenye kikapu cha njiani.

Figo zikikwisha kabisa, inabaki dialisi: kwa kawaida mara 3 kwa juma, karibu saa 4 kila mara, damu ikipitishwa kwenye mashine. Katika nchi yetu mashine hizo ni chache na ziko katika miji mikubwa. Jamaa zinauza shamba, kisha ng'ombe, kisha nyumba, na wengine wanavuka mpaka.

Kupima mapema ni kazi ya dakika chache: tansio, karatasi inayochovywa katika mkojo ili kuona protini na sukari, na pale maabara inapoweza, kreatinini ya damu. Mama mwenye mimba anapimwa tansio na mkojo kwenye CPN, na asikose. Wengine wa kuharakisha ni wenye sukari, tansio ama virusi vya UKIMWI, wenye ndugu aliyeugua figo, na kila anayeamka macho yamevimba, miguu ikijaa, ama mkojo ukitoa povu lisiloisha. Wenye kumeza vidonge vya mgongo waende na plaketi waliyobaki nayo, hata kipande chake tu, na waseme wazi wanameza vingapi na tangu lini.