Taya likilia "ka!", usikimbilie kung'oa jino

Leo niongelee kitu kilichonitesa miezi kadhaa na kidogo kinigharimu jino zima.

Ilianza kama mlio tu. Nikipanua mdomo nile, nasikia "ka!" karibu na sikio la kulia. Sikujali. Baadaye yakaja maumivu: sikio, kichwa upande mmoja, gego la mwisho. Nikaenda zahanati moja, jamaa akanigusagusa, akasema gego limeoza kwa ndani, ling'olewe. Bahati siku ile hela haikutosha! Daktari wa meno niliyemwona baadaye alipiga picha, akakuta jino zima kabisa. Kilichokuwa kinauma ni kiungo cha taya.

Kiko wapi? Weka vidole mbele ya masikio yote mawili, fungua mdomo, funga. Hicho kinachocheza ndicho. Viko viwili na vinafanya kazi pamoja. Taya linazunguka kwanza kama bawaba ya mlango, halafu linateleza mbele. Katikati ya mifupa kuna kipande cha gegedu, kazi yake kama bushi ya gari. Kikihama kidogo kisha kikarudi mahali pake, ndiyo ule mlio. Na kwa kuwa kiungo kinapakana na sikio, na misuli yake inapanda hadi pembeni mwa kichwa, maumivu yanadanganya. Unadhani sikio, kumbe siyo.

Kinachosababisha? Mara nyingi ni mambo kadhaa kwa pamoja: kusaga meno usingizini, kuyabana ukiwa na mawazo, ngumi au ajali, kutafuna bigijii kutwa. Mimi nilikuwa nabana meno bila kujua kila nikikaa mbele ya kompyuta.

Sasa sikia: mlio peke yake, bila maumivu, hauhitaji tiba. Watu kibao wanao. Hata maumivu kwa wengi hupoa ndani ya wiki au miezi michache. Kula vilaini, acha bigijii, miwa na mirungi kwa muda, kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, usipige miayo mpaka mwisho. Na zoea hili: midomo ifungwe, meno yaachane. Yakutane ukitafuna au ukimeza tu.

Nenda kwa daktari wa meno kama maumivu yamepita wiki mbili tatu, au mdomo haufunguki vizuri. Kipimo rahisi: kwa kawaida vidole vitatu vilivyopangwa wima vinapita kati ya meno ya mbele. Viwili vikiingia kwa shida, nenda.

Kimbia hospitali siku hiyohiyo kama taya limebaki wazi halifungi, limepigwa, au kuna uvimbe na homa. Taya likikaza siku kadhaa baada ya kuchomwa na msumari au kupata kidonda, huenda ni pepopunda, na hiyo inaua. Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana na jasho yanaweza kuwa moyo.

Tiba yenyewe mara nyingi ni mazoezi ya taya, dawa za maumivu, na plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku. Upasuaji ni mara chache sana. Ukiambiwa meno yang'olewe au yasagwe kupunguzwa kwa ajili ya taya, tafuta daktari wa pili kwanza. Jino la ukubwani likitoka halioti tena.

Gego langu lipo, na jana limetafuna mishkaki bila shida. Wewe je, taya linalia? Tuambie hapo chini.