Kijiji cha Èze na Njia Yake ya Miguu

Wasafiri wanaokusudia kuzuru kijiji cha kale cha Èze, kilichopo kusini mwa Ufaransa baina ya Nice na Monaco, wanaarifiwa kwamba kituo cha garimoshi kiitwacho Èze-sur-Mer kipo ufukweni, ilhali kijiji chenyewe kimejengwa juu ya jabali, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Wengi hushuka hapo wakidhani wamekwisha fika.

Kutoka ufukweni ipo njia ya miguu yenye jina la Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeipanda katika miaka ya 1880, alipokuwa akikaa Nice majira ya baridi. Kuipanda huchukua takriban saa moja na nusu. Mawe yake huteleza, hivyo ndara hazifai kabisa, na maji ya kunywa ni lazima. Pakiwa na hatari ya mawe kuporomoka, njia hufungwa. Tangazo hilo liheshimiwe, hata wakionekana wengine wanapita. Asiyeweza kupanda atumie basi litokalo Nice.

Ngome ya kileleni ilibomolewa mwaka 1706 kwa amri ya Mfalme Louis wa 14. Magofu yake yamo ndani ya bustani ya mimea ya nchi kame, iliyoanzishwa mwaka 1949. Bustani ina kiingilio, nacho chastahili kulipwa kwa mandhari ya bahari yaonekanayo hapo, hasa asubuhi kabla ya makundi kuwasili.

Watakaorejea kwa miguu waanze kushuka mapema, jua lingali juu.