Siúil a Rún: maneno matatu ya wimbo wa Irlandi ambayo wafasiri hawapatani juu yake

Aende ao aje? Swali hilo dogo ndilo linawagawanya wale wanaotafsiri Siúil a Rún, mumoja kati ya nyimbo za kale zinazojulikana sana za Irlandi. Jina lake linatamkwa karibu na "Shul a Run."

Beti zake ni za Kiingereza na zinaeleweka bila shida. Msichana analia juu mpenzi wake amekwenda kuwa askari huko Ufaransa. Anasema atauza vyombo vyake vya kusokotea nyuzi, maana yake kazi inayomupa chakula, ili amununulie upanga. Kisha ataomba mukate barabarani.

Lakini kiitikio ni cha Kiirlandi, na hapo ndipo matatizo yanaanza. Siúil ni amri: "tembea." Haisemi tembea kuelekea wapi. Wafasiri wamoja wanaandika "nenda, mpenzi wangu," wengine "njoo, mpenzi wangu." Tofauti si ndogo. Katika tafsiri ya kwanza msichana anamuaga askari. Katika ya pili anamuita watoroke pamoja.

Maneno yanayofuata yanaunga mukono wale wa "njoo," kwa sababu anamuomba atembee polepole mpaka mlangoni, kisha watoroke wawili. Lakini kiitikio kinaishia kwa kumutakia safari njema, kama mutu anayebaki nyuma. Huenda msichana anaomba kwanza, kisha anakubali kwamba hatakwenda naye.

Neno rún nalo lina mambo yake. Maana yake ya kawaida ni "siri." Waairlandi wanalitumia pia kumuita mpenzi, kwa hiyo kwa mutu anayetoroka usiku linafaa mara mbili.

Wengi wanaunganisha wimbo huu na vita vya wafalme James wa Pili na William wa Tatu. Kisha mapatano ya Limerick ya mwaka wa 1691, maaskari zaidi ya 10,000 wa upande wa James walivuka bahari pamoja na jemadari Patrick Sarsfield kwenda kutumikia mufalme wa Ufaransa. Wao na wale waliowafuata waliitwa Bata Bukini wa Mwituni. Hata hivyo, maandishi ya wimbo yanayojulikana ni ya nyuma sana ya tarehe hiyo.

Kilichoongeza giza ni historia ya luga yenyewe. Masomo ya serikali yaliyoanzishwa mwaka wa 1831 yalifundisha kwa Kiingereza. Njaa kubwa ya miaka ya 1845 mpaka 1852 iliua watu karibu milioni moja, na wengine wengi walihama, hasa wale wa vijiji vilivyosema Kiirlandi.

Huko Marekani kiitikio kiliendelea kuimbwa na watu wasiojua neno hata moja lake. Sauti zilibaki, maana ikapotea. Mwaka wa 1963, kundi Peter, Paul and Mary lilitoa Gone the Rainbow, wimbo uliozaliwa na huo wa kale, na kiitikio chake ni silabi tupu ambazo Mwirlandi hawezi kuzitafsiri, isipokuwa lile "shul" la mwanzo ambalo bado linasikika.

Kundi la Clannad, kutoka Donegal ambako Kiirlandi kingali luga ya nyumbani kwa familia nyingi, liliurekodi mwaka wa 1976 na kiitikio cha Kiirlandi kizima. Wanaosikiliza Clannad wanasikia msichana akisema jambo; wanaosikiliza Wamarekani wanasikia wimbo mutamu wa kubembeleza mutoto.