Likizo ya bia Lilongwe: mgeni anakunywa, faida inakwenda wapi?

Anayetaka kupanga likizo yake kwa kufuata bia hutajiwa Munich, Brussels au Dublin. Malawi husahaulika, ingawa ni huku, mjini Blantyre, ambako kampuni kubwa ya bia ya Denmaki ilifungua kiwanda chake cha kwanza nje ya kwao, mwaka 1968. Mwaka 2016 hisa zake katika kiwanda hicho ziliuzwa kwa Wafaransa, lakini mnywaji wa Lilongwe anaagiza ile ya chupa ya kijani bila kuuliza mwenye kiwanda ni nani.

Mwenye baa mmoja wa Mchesi, mtaa wa Lilongwe, naye haulizi. Kinachomkosesha usingizi ni kreti. Baa yake hujaa mwisho wa mwezi, na hujaa zaidi kuanzia Aprili, minada ya tumbaku inapofunguliwa katika eneo la Kanengo jijini na fedha ya wakulima, madereva na vibarua kuingia mitaani. Wageni nao huja miezi hiyo hiyo ya kiangazi, barabara zikiwa kavu na jioni zikiwa za kukaa nje na sahani ya nyama ya kanyenya. Hapo ndipo bia inapomwishia. Chupa za Malawi hurudi kiwandani zikaoshwa na kujazwa tena, kwa hiyo anayetaka kreti iliyojaa sharti apeleke kreti ya chupa tupu. Mteja wa mtaani analijua hilo. Hunywa palepale na kuiacha chupa mezani. Mgeni huingia nayo garini, akaenda nayo hotelini au ziwani, na kwa mwenye baa hiyo ni nafasi moja wazi kwenye kreti. Anasema ameshafika kwa msambazaji na fedha taslimu mkononi akarudishwa kwa kukosa chupa tupu, huku wateja wakimsubiri. Siku kama hizo hununua chupa tupu kwa wachuuzi, kwa bei inayokula sehemu ya faida aliyoitarajia kwa mgeni yuleyule.

Malalamiko yake ni ya mtu mmoja, na wasambazaji wana upande wao: chupa isiporudi, wao pia wanaingia hasara. Lakini kila anayeuza bia mitaani atayatambua. Umbali nao ni kikwazo: Blantyre iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Lilongwe, na lori linalobeba bia linategemea dizeli, ambayo nayo inategemea dola ambazo nchi imekuwa ikizitafuta kwa shida miaka kadhaa sasa.

Dola ndiyo hoja inayopendwa na maofisa. Novemba 2023 kwacha iliposhushwa thamani, bei ya dola ilipanda kwa asilimia 44, kutoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700. Ofisa mmoja anayeshughulikia utalii bado anaitumia asilimia hiyo kama habari njema: mgeni anapata vinywaji vingi zaidi kwa dola ileile, kwa hiyo Malawi imekuwa nafuu, na utalii, mojawapo ya nguzo ambazo serikali imeziweka mbele pamoja na kilimo na madini, utanufaika. Kwa upande wa mgeni, hesabu hiyo ni sahihi mradi bei za kwacha hazijapanda. Kwa upande wa muuzaji, kimea, mafuta na vipuri hununuliwa kwa fedha za kigeni, bei ya kreti ikapanda, na mteja wake wa kila siku, anayelipwa kwa kwacha, akapunguza chupa. Mgeni wa Jumamosi moja hawezi kuziba pengo la mteja wa siku sita.

Kuna kinywaji ambacho hakisubiri dola kiasi hicho, nacho ni chibuku. Kinapikwa kwa mahindi na mtama, kinauzwa katika pakiti ya karatasi ngumu, na hakijaacha kuchacha kikiwa ndani yake. Pakiti hutikiswa kwanza ili machicha yapande, na ya siku ya tatu ni kali kuliko ya siku ya kwanza. Baada ya siku chache hainyweki, kwa hiyo muuzaji hawezi kulundika akiba. Mgeni anayetoka Ulaya kutafuta bia hai isiyochujwa, ambayo huko kwao hulipiwa ghali, anaikuta Mchesi kwa bei ya chini kabisa kwenye orodha. Pamoja nayo ipo masese, inayopikwa na akina mama majumbani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ziara ya bia yenye manufaa kwa mtaa ingeanzia hapo, kwenye pipa la mama mpishi, badala ya kwenye friji ya hoteli.

Kituo cha pili cha ziara kama hiyo ni Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo usiofika kilomita 50 kaskazini mwa jiji. Palikuwa gereza la kisiasa, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, wengi wao Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, waliokuja na Kiswahili, muziki na mazoea ya bia ya chupa kubwa inayonywewa pamoja na wenzio. Tamasha la Tumaini, lililoanza 2014, huleta wageni maelfu, na baadhi hulala katika nyumba za wakimbizi kwa malipo.

Ofisa huyohuyo wa utalii hutaja takwimu moja tena na tena: kambi ina watu zaidi ya 50,000. Kwake hilo ni soko. Mtu anayeijua Dzaleka ataongeza takwimu ambayo haitajwi, kwamba mahali hapo palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na kwamba wengi kati ya hao 50,000 wanaishi kwa msaada ambao umepunguzwa zaidi ya mara moja. Idadi ya walioandikishwa si idadi ya wateja. Wanaonunua bia kambini ni wachache wenye duka, kinyozi, fundi, au ndugu anayetuma fedha kutoka ng'ambo.

Mkimbizi aliyekuwa na uwezo wa kukuza biashara hii alikuwa mjini. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka, na waliokuwa na maduka mitaani waliyafunga au kuyakabidhi kwa wengine. Mwenye baa wa Mchesi anasema alipoteza wateja waliokuwa wakilipa bila kukopa, pamoja na wachoma mishikaki waliokuwa wakimvutia watu mlangoni.

Tumbaku ikipata bei nzuri, Mchesi itajaa tena, wageni wawepo wasiwepo. Dzaleka inaweza kuuza zaidi wakati wa tamasha, iwapo dizeli itapatikana na bia ikafika. Wiki zinazobaki za mwaka, muuzaji wa kambini ataendelea kuwategemea majirani wanaohesabu kwacha zao kabla ya kuagiza chupa ya pili.